Lori Lisirudi Tupu: Hotuba kwa Wakulima wa Mkonge, Wafugaji na Wachoma Mkaa wa Tanga

Ndugu mwenyekiti wa kikao, viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima wa mkonge, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, akina mama wa mkaa mbadala, na ninyi ndugu zangu wachoma mkaa mliotoka Handeni na Kilindi kuja kukaa nasi: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wazee wangu wote nawaamkia, shikamooni.

Nimepewa kazi ya kueleza jinsi mabaki ya mimea yanavyoweza kutupatia nishati safi na mkaa wa kurutubisha udongo, ule unaoitwa bayocha. Nitaieleza kadiri muda utakavyoruhusu. Lakini kabla sijaingia kwenye matangi na mashimo ya moto, nina jambo langu ambalo ndilo lililonileta. Kila jani tunalolikata linaondoka na chakula cha shamba. Nishati tutakayoitoa kwenye mabaki ya jani hilo itatufaa miaka michache tu, kisha shamba litagoma, kama hatukupanga tangu mwanzo jinsi ya kukirudisha kile chakula kilikotoka. Miradi mingi ya nishati ya mabaki ninayoisikia inahesabu gesi, inahesabu umeme, inahesabu magunia ya mkaa, ila shamba halimo kwenye hesabu. Hilo linaniuma, nami sitalificha.

Tuanze na mkonge, maana Tanga ukianza na zao lingine wenyeji hawakusikilizi.

Chukua tani 100 za majani mabichi yanayoingia korona, yaani mtambo wa kuchambua nyuzi za mkonge. Singa kavu, yaani nyuzi zenyewe, zinazotoka upande wa pili ni tani 4 hivi, na kwenye majani dhaifu hazifiki hata hizo. Yote yanayobaki ni maji, nyama ya jani na vijisinga vifupi vilivyokatika. Hesabu hiyo ni ya tangu mwanzo wa zao lenyewe, pale Mjerumani Dk. Richard Hindorf alipoagiza vipando 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika vingi vimekufa, na 62 vilivyosalimika vikapandwa Kikokwe, Pangani. Kutoka vipando hivyo 62 nchi yetu ikafika mahali, mwaka 1964, pa kuzalisha singa tani 230,000 hivi kwa mwaka, hakuna taifa lililotupita. Sasa zidisha hizo tani mara 24, maana kila tani 4 za singa zinaacha tani 96 za makapi. Ni zaidi ya tani milioni 5 za makapi kwa mwaka mmoja. Yalikwenda wapi? Yalirundikwa nyuma ya korona yakawa vilima, au yalisukumwa na maji ya kuoshea singa kwenye mitaro, na mitaro ikamwaga kwenye vijito na mito.

Wazee mliofanya kazi korona harufu ile mnaijua. Ile ni dalili ya makapi yanayooza mahali pasipo na hewa. Wadudu wadogo wasioonekana wanayala, na katika kula kwao wanatoa gesi ya methani. Methani ndiyo gesi inayowaka, na ndiyo hiyo hiyo ambayo ikiachwa ipae inalipasha joto anga mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa ya uzito huo huo, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo nyuma ya korona tulikuwa na jiko kubwa lisilo na sufuria, linatoa gesi usiku na mchana bila mtu kuikinga. Na maji ya makapi yakiingia mtoni, wadudu wengine wadogo wanaotumia hewa wanayala na kumaliza hewa iliyomo majini, samaki wanakufa. Wavuvi wa maji baridi katika mkoa huu wamelilalamikia hilo tangu zamani.

Kuikinga gesi hiyo kunawezekana, na mfano tunao hapa hapa mkoani. Hale, wilayani Korogwe, ndiko kulikojengwa mtambo wa kwanza wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge. Kampuni ya Katani iliujenga pamoja na wafadhili wa kimataifa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, likiwamo. Ulipoanza kazi, miaka ya 2007 na 2008, ulikuwa na uwezo wa kilowati 150. Wengi wanapita Hale kwenda Korogwe au Dar es Salaam bila kujua kwamba jambo hilo lilifanyika pale kabla ya kufanyika kwingine duniani. Mimi kila nikipita huwa najivunia, na nadhani watoto wetu wangefundishwa shuleni.

Kinachofanyika ndani ya mtambo wa namna hiyo hakina uchawi. Makapi yakiwa bado mabichi yanaingizwa kwenye tangi lililofungwa hewa isiingie. Wale wadudu wanafanya kazi ile ile waliyokuwa wakiifanya kwenye kilima cha uozo, ila sasa gesi inakusanyika juu ya tangi badala ya kupotea. Sehemu yake kubwa, kati ya asilimia 50 na 70, ni methani, na inayobaki zaidi ni hewa ya ukaa. Kuna pia harufu ya mayai yaliyooza, na hiyo inatoka kwenye gesi nyingine yenye salfa ambayo inakula chuma, kwa hiyo lazima ichujwe kabla gesi haijaingia kwenye injini. Mtu akikuuzia injini ya bayogesi bila kichujio cha salfa, mwambie asante, nenda zako. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo katika jenereta nzuri inatoa uniti 2 hivi za umeme.

Ni nini kinachobaki chini ya tangi? Hapa naomba masikio yenu yote. Linabaki tope. Kilichoondoka kama gesi ni kaboni na haidrojeni, vitu ambavyo mmea uliviokota hewani na kwenye maji. Kalsiamu, potasiamu, fosforasi na sehemu kubwa ya naitrojeni, vitu ambavyo mmea ulivivuta kwa mizizi, vimo mle mle kwenye tope. Chakula chote cha shamba kimekaa chini ya tangi kinakungoja.

Na mkonge hauna huruma na udongo. Watu wanauona umesimama kwenye ardhi kavu ukidumu miaka 10 na zaidi, wanadhani hauli. Unakula sana, hasa kalsiamu. Udongo wa mashamba ya mkonge ya mkoa huu umepimwa na kupimwa tena katika kipindi cha miongo, pale Mlingano wilayani Muheza, kwenye kituo cha utafiti ambacho ndicho kilichotupa pia mbegu chotara 11648 inayopandwa mpaka leo. Walichokiona ni kwamba mashamba yaliyolimwa mkonge juu ya mkonge bila kurudishiwa kitu udongo wake umezidi tindikali, na akiba ya chakula imeshuka. Mavuno yanashuka pole pole, mwenye shamba anailaumu mvua.

Nadhani sasa mnaona kwa nini nimesema hesabu ya nishati peke yake haitoshi.

Tuache korona kidogo, twende nyumbani. Si kila mtu hapa ana mkonge, lakini Tanga ni mkoa wa maziwa, na wengi wenu mna ng'ombe bandani. Ng'ombe wawili wanaolishwa ndani watakupa kilo 25 za samadi mbichi kwa siku bila taabu. Changanya na maji ndoo kwa ndoo, mimina kwenye tangi la chini ya ardhi lililojengwa kwa matofali na saruji. Likishakomaa litakupa mita moja ya ujazo ya gesi kwa siku, nayo inawasha jiko la pleti moja saa 2 na zaidi. Chai ya asubuhi imo, wali wa mchana umo. Maharage yaloweke usiku, usiyapikie gesi yakiwa makavu. Ujenzi wa matangi haya mafundi wetu wanaujua. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, imefundisha wengi, na fundi mzuri utamjua kwa jambo moja: hakubali kujenga kabla hajaliona banda na kuuliza maji yanatoka wapi. Banda likiwa na ng'ombe wanaoshinda malishoni na kurudi jioni, samadi itabaki malishoni, na tangi litalala njaa.

Kuna ndugu zangu wa Muheza watauliza habari ya machungwa. Msimu ukikolea, machungwa yanaoza barabarani mpaka nyuki wanachoka. Yanafaa tangini, ila kwa kiasi. Maganda ya chungwa yana mafuta, yale yanayokurukia machoni ukilimenya, na mafuta hayo yanawaua wale wadudu wa tangini. Vilevile tindikali ikizidi wanazimia. Kwa hiyo chungwa liingie kidogo kidogo likiwa limechanganywa na samadi nyingi, na maganda yaende kwenye mboji. Ukimwaga toroli zima la machungwa tangini kwa siku moja, gesi itakatika, na itachukua muda mrefu kurudi.

Sasa tuje kwenye mabaki makavu, ambayo tangi haliyawezi. Vifuu vya nazi, makumbi, magunzi ya mahindi, mabua, maranda ya useremala, matawi yaliyopogolewa, mashina ya mkonge uliokwisha kuzaa mlingoti ukafa. Haya wadudu wa tangini hawana meno nayo. Haya yanahitaji moto, na moto wenyewe una adabu yake.

Mmea mkavu, nusu ya uzito wake ni kaboni. Ukiuchoma wazi mpaka ukawa jivu, kaboni yote imepaa. Ukiupasha joto kali, nyuzi 400 mpaka 700 hivi, mahali ambapo hewa haiwezi kuufikia vizuri, mambo mawili yanatokea. Kwanza mmea unatoa moshi mzito, na moshi ule ni gesi zinazowaka: kaboni monoksaidi, haidrojeni, methani, na mvuke wa lami. Pili, karibu nusu ya kaboni inabaki imeganda kuwa mkaa. Siri yote ya ufundi huu ni kuuchoma moshi huku ukiuokoa mkaa.

Tanuru la udongo la kawaida linafanya nusu tu ya kazi hiyo. Ndugu zangu wachoma mkaa, sisemi ili kuwavunja moyo, na ninajua hakuna kazi ngumu kama kulinda tanuru usiku wa mvua. Lakini katika kila kilo 100 za kuni kavu, tanuru la kawaida linatoa kilo 10 mpaka 20 za mkaa. Moshi wote, wenye moto wa kuweza kupikia kijiji, umepaa na kuingia vifuani mwenu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majikoni peke yake. Aliyelala kando ya tanuru miaka 20 hahitaji kuambiwa moshi unafanya nini kifuani.

Njia ninayoipenda mimi ni shimo, kwa sababu haihitaji mkopo. Chimba shimo lenye umbo la bakuli, mdomo wake mita moja na nusu, kina chake kifike kiunoni au pungufu kidogo, kuta ziwe zimelala, zisisimame wima. Fyeka majani pande zote, maji yawe karibu, na uanze alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka, hasa kipindi cha kusi. Washa moto mdogo chini kabisa kwa vijiti vikavu. Ukishika, tandaza safu ya kwanza ya makumbi au mabua. Usiondoke. Angalia uso wa safu ile: itawaka, itakuwa nyekundu, halafu kwenye kingo utaona weupe mwembamba wa jivu unaanza kutambaa. Papo hapo weka safu ya pili. Ule mwali wa safu ya juu unaila hewa yote inayojaribu kushuka, na unauchoma moshi unaotoka chini, kwa hiyo safu ya chini inaiva bila kuungua. Jivu likionekana tena, weka safu ya tatu. Unaendelea hivyo mpaka shimo lijae. Ukiona moshi mweupe mzito unapanda, umeweka mabaki mengi mno kwa mara moja au yana unyevu, punguza mkono. Ukiona jivu limetanda kote, umechelewa. Shimo likijaa, lizime kwa maji mengi, ulikoroge mpaka lisitoe mvuke. Usiliamini shimo lililozimwa juu juu. Mkaa unaweza kukaa kimya usiku kucha na asubuhi ukawasha ghala.

Mkaa ulioiva vizuri una alama zake. Ukiuvunja unalia kama kigae, ndani ni mweusi mpaka katikati, hauna kiini cha rangi ya kahawia. Kisha usugue mkononi halafu nawa kwa maji matupu. Ukitoka wote, mkaa ni mzuri. Ukibaki unanata mpaka utafute sabuni, bado una lami, na lami haifai kwenye mizizi ya mche mchanga. Akina mama wa kikundi kimoja cha Pangani ndio niliowaona wakitumia jaribio hili kila wanapofungua shimo, wanalifanya kwa haraka kama mtu anavyoonja chumvi, na mkaa wao sijawahi kuutilia shaka.

Na tafadhali, kwenye shimo lisiingie plastiki, wala mbao zilizopakwa rangi, wala nguzo zilizotiwa dawa. Sumu yake hamtaiona, lakini mtaila.

Mkaa ukishapatikana, sasa kuna uamuzi. Uende jikoni au uende shambani? Mimi nina msimamo, na wengine hapa hawatakubaliana nami.

Kifuu cha nazi kiende jikoni. Kifuu ni kigumu, mkaa wake ni mzito, unashika moto muda mrefu, na viwanda vya kuchujia maji duniani vinautafuta. Saga chenga zake, changanya na uji wa unga wa muhogo, shindilia kwenye mashine, anika juani mpaka ukauke kabisa, na umepata mkaa mbadala ambao mama wa Ngamiani au Makorora atauweka kwenye jiko lake la kawaida bila kubadili chochote. Kila gunia la mkaa huo ni miti iliyobaki imesimama Kilindi. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi na umeme vitabeba sehemu kubwa ya safari hiyo. Lakini kuna nyumba ambazo mtungi ukiisha hautajazwa mpaka mwisho wa mwezi, na siku hizo za katikati mkaa mbadala ndio utakaowaokoa wasirudi msituni. Ila nawaomba, mkaa mbadala nao ni mkaa. Hautoi moshi wa kuwasha macho, lakini unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua usingizini. Usiingize jiko chumbani mkafunga mlango kwa sababu ya baridi ya Lushoto.

Makumbi, mabua, magunzi na mashina ya mkonge, hayo yaende shambani. Mkaa wake ni mwepesi, unachoka haraka jikoni, lakini umejaa vitundu, na vitundu hivyo ndivyo udongo unavyovitaka. Vinashika maji, vinashika mbolea isisombwe na masika. Na mkaa hauozi upesi kama mboji. Katika bonde la Amazon, Brazil, kuna udongo mweusi uliotiwa mkaa na mabaki ya jikoni na wenyeji wa zamani, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mpaka leo una rutuba kuliko udongo mwekundu unaouzunguka.

Kosa linaloua sifa ya bayocha ni kuitia shambani ikiwa kavu na tupu. Mkaa mpya una njaa. Ukiumwaga hivyo hivyo kwenye shina la mahindi, utaivuta naitrojeni iliyopo na kuishikilia, mahindi yatageuka manjano, na mkulima atasema wataalamu wamemdanganya. Ulishe kwanza. Utandaze bandani chini ya ng'ombe uloane mkojo na ukanyagwe, au uchanganye na samadi au lile tope la bayogesi, kiasi kwa kiasi, uuache wiki 3 au 4 ukiwa na unyevu. Hapo utakuwa umeukutanisha mkaa wa shimo na tope la tangi, na wenye mkonge, wenye ng'ombe na wenye nazi wote watakuwa na la kuleta. Halafu usiutawanye shamba zima kama chokaa, hautatosha. Weka konzi mbili ndani ya shimo la kupandia, pale pale mizizi itakapopita.

Mkaa pia unapunguza tindikali ya udongo, kwa sababu una jivu. Udongo mwekundu wa Amani na Usambara utafurahi. Udongo wa mashamba ya mkonge uliochoka utafurahi zaidi. Lakini ninyi mnaolima juu ya matumbawe, kule ufukweni mwa Pangani na Mkinga, udongo wenu tayari una chokaa ya kutosha. Kwenu mboji na tope vitafaa kuliko mkaa. Pimeni udongo kwanza. Mlingano hapo si mbali, na wanapokea sampuli.

Niseme kidogo juu ya biashara ya kaboni, kwa kuwa najua imeshafika vijijini. Tani moja ya bayocha yenye kaboni asilimia 75 inashikilia kaboni ambayo ingekuwa tani 2.75 za hewa ya ukaa. Kampuni za nje zinalipia hilo, na si jambo baya. Nimesoma mkataba mmoja, wa nani sitasema, wenye kurasa nyingi, umeandikwa kwa Kiingereza kitupu, umeletwa kwa wakulima wasiosoma Kiingereza, na unatoa haki ya kaboni ya shamba kwa miaka mingi kwa bei isiyotajwa. Msisaini kitu cha namna hiyo. Nchi ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na ina Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako miradi hiyo husajiliwa. Mtu akija, muulizeni kama amesajiliwa, kisha aandike kwa Kiswahili nani anamiliki, kwa muda gani, na kila tani inalipwa shilingi ngapi. Anayekataa kuandika hayo apewe chai aende.

Namalizia na ninyi viongozi wa vyama vya msingi, kwa sababu ufunguo mnao ninyi. Mkulima mdogo wa mkonge anakata majani, lori linayachukua mpaka korona ya mtu mwingine, singa zinapimwa, analipwa singa. Makapi yanabaki korona. Kwenye mikataba niliyowahi kuonyeshwa hakuna mstari hata mmoja unaosema makapi ni ya nani. Korona ikijenga tangi kesho, gesi itakuwa yake, umeme utakuwa wake, na tope, ambalo ni kalsiamu ya shamba lako wewe, litakuwa lake pia, atakuuzia au atalimwaga. Na wakati huo huo lori lililoleta majani linarudi shambani tupu, linachoma dizeli bila mzigo.

Mkienda kujadili mkataba wa msimu ujao, wekeni kifungu. Mwenye mtambo achukue gesi, kwa kuwa yeye ndiye aliyegharimia tangi. Tope ligawanywe kwa kadiri ya tani za majani ambazo kila mkulima alileta, na lori linalorudi lilibebe. Hesabu za uzito wa majani zipo tayari kwenye vitabu vyenu, ndizo zinazotumika kulipia singa, hamhitaji mizani mpya. Kwa korona ambazo bado hazina tangi, ombeni makapi yarudi yakiwa yamerundikwa na kuoza vizuri, na mashina yaliyong'olewa wakati wa kupanda upya yasichomwe moto wazi shambani. Mwiteni fundi awachimbie mashimo.

Nje nyuma ya ukumbi tumechimba shimo moja, makumbi yapo na mapipa ya maji yamejazwa. Upepo bado haujapanda. Wenye maswali ya mkataba wabaki na mimi hapa mbele, wenye maswali ya moto wamfuate fundi sasa hivi.